Kifurushi cha mimea mchanganyiko ya akwaria: kinafaa, ukisoma shina kabla ya jani

Bidhaa yenyewe ni rahisi kuieleza. Ni mfuko wa plastiki au boksi lenye vifungu kadhaa vya mimea ya majini. Vingine vimebanwa kwa ukanda wa risasi, vingine vimechomekwa kwenye vyungu vidogo vya plastiki vyenye matundu, na lebo ina neno moja tu: mchanganyiko. Picha iliyobandikwa inaonyesha tangi lililositawi, kijani huku na wekundu kule. Ukifungua mfuko huoni mmea unaofanana na picha hiyo, wala huoni karatasi inayotaja hata jina moja.

Kwa anayeanzisha tangi jipya, kifurushi hiki ni ununuzi mzuri. Tangi jipya linahitaji wingi wa majani mapema, ili mimea inyonye virutubisho kabla mwani haujavifikia, na hakuna njia nafuu zaidi ya kupata wingi huo. Kwa aliyekwisha kuchora mpangilio wa tangi lake ni ununuzi mbaya, kwa kuwa hajui mmea upi utaishia sentimita 5 na upi utagusa uso wa maji. Na kwa anayetaka kuchomeka kila kitu mchangani jioni hiyohiyo, ni pesa ya kutupa. Mimea ya vifurushi hivi mara nyingi haiuawi na maji mabaya. Inauawa na kupandwa yote kwa namna moja, wakati ndani ya mfuko mmoja mna mimea ya kuzikwa, mimea ya kufungwa kwenye gogo, na mingine isiyopaswa kuzamishwa kabisa.

Jina la mmea linaweza kusubiri mwezi mzima. Jambo lisiloweza kusubiri ni kujua majani yake yanatokea wapi, maana hilo ndilo linaloamua utaupanda vipi.

Kwa nini picha na mmea havifanani

Mashamba mengi yanayokuza mimea ya akwaria huiweka mizizi kwenye unyevu na kuyaacha majani hewani. Hewani mmea unapata hewa ya ukaa kwa wingi, unakua upesi, haushikwi na mwani, na unasafiri bila kusagika. Tatizo ni kwamba jani lililokulia hewani si jani la majini. Lina ngozi nene yenye nta, linasimama lenyewe, na aghalabu lina umbo jingine kabisa. Ukilizamisha, litadumu wiki mbili au tatu, litageuka njano au kahawia, kisha litaoza, huku mmea ukitoa majani mapya yaliyoumbwa kwa ajili ya maji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Hygrophila difformis. Hewani jani lake ni zima, la umbo la yai, lenye meno madogo kingoni. Zamisha shina hilohilo uangalie kila kifundo, yaani pale majani yanapotokea kwenye shina, kinachoongezeka: jozi ya kwanza ya majani inatoka na mikato mifupi, inayofuata imechanika hadi nusu, na baada ya mwezi hivi majani mapya yamegawanyika karibu kufikia mshipa wa kati, membamba na laini kiasi kwamba ukilitoa jani majini linajikunja kwenye vidole. Kwenye shina moja unayaona majani matatu ambayo mgeni angeapa ni ya mimea mitatu. Rotala rotundifolia nayo ina majani ya duara hewani na majani membamba marefu majini. Echinodorus nyingi huja na vikonyo virefu vilivyobeba ubapa mpana, halafu chini ya maji vikonyo vinafupika na ubapa unarefuka.

Ndiyo maana kulinganisha jani na picha siku ya kwanza ni kupoteza muda. Vitu vitatu havibadiliki, mmea uwe hewani au majini: namna majani yanavyopangika kwenye shina, kuwapo au kutokuwapo kwa rizomu, yaani lile shina nene linalolala, na mahali mizizi inapochipukia.

Kufungua na kuchambua

Tumia beseni jeupe lenye maji ya joto la kawaida. Weupe unasaidia kuona konokono, mayai yake yaliyo kama tone la ute angavu, na vipande vilivyooza. Fungua ukanda wa risasi kwanza. Chini yake shina huwa limepondeka na kuwa jeusi, kwa hiyo kata sehemu hiyo yote, sentimita 2 au 3, mpaka ufike kwenye shina gumu la kijani. Anayepanda kifungu kizima na risasi yake anazika kidonda. Baada ya siku chache mashina yanakatika palepale yalipobanwa na mmea mzima unaelea.

Chungu kikate kwa mkasi kuanzia ukingoni. Usiuvute mmea, kwa sababu mizizi imepita kwenye matundu na itabaki humo. Ndani kuna sufi ya mawe, ile ya nyuzi za kijivu au manjano. Vaa glavu, maana nyuzi zake zinawasha. Pasua sufi katikati, iloweke, kisha toa nyuzi kwa kibano huku ukisuuza. Si lazima utoe unyuzi wa mwisho ulioshikana na mzizi mwembamba, ila bonge lisibaki. Mara nyingine utakuta ndani yake punje ndogo za mviringo. Hizo ni mbolea ya kuyeyuka polepole, nazo zitolewe zote: zikibaki kwenye tangi zinamwaga naitrojeni nyingi majini, na mwani ndio unaofaidika.

Sasa gawa mimea mafungu. Yenye shina refu na majani kuanzia chini hadi juu, weka pamoja. Ile ambayo majani yote yanatoka kwenye kitovu kimoja juu ya mizizi, weka pamoja. Yenye rizomu, peke yake. Vitunguu na viazi, peke yake. Ya kuelea utaitambua yenyewe, kwa kuwa inarudi juu kila ukiizamisha, nayo haihitaji maelezo: iache ielee, na usiiruhusu ifunike uso wote wa maji.

Mimea ya shina

Hapa ndipo vifurushi hujaa na ndipo majina huchanganywa zaidi. Chukua shina moja, lishike wima, uhesabu majani kwenye kifundo kimoja cha katikati ya shina.

Ukikuta majani mafupi yamezunguka kifundo bila vikonyo, una mmoja kati ya watatu wanaofanana sana. Elodea canadensis kwa kawaida ina majani 3 kwenye kila kifundo, kila moja kama sentimita 1. Egeria densa ina 4 hadi 6, majani marefu zaidi, na shina lake ni nene. Hydrilla verticillata mara nyingi ina 5, lakini yanaweza kuwa 4 hadi 8, na kingo za majani yake zina meno yanayoonekana bila lenzi. Pitisha shina katikati ya vidole: Egeria inateleza, Hydrilla inakwaruza. Majani yakiwa yamejipanga kwa mzunguko wa kupanda, si kwa duara, nayo yamejikunja kuelekea chini, huyo ni Lagarosiphon major. Tofauti hizi zina uzito kwa sababu Hydrilla imepigwa marufuku katika nchi kadhaa, na kiutendaji pia: inaacha viazi vidogo kwenye mchanga, na ukishaing'oa inachipua upya kutoka kwenye viazi hivyo.

Majani yaliyochanika nyuzinyuzi yanahitaji jicho la karibu. Cabomba ina majani mawili kwa kifundo, yametazamana, kila moja lina kikonyo chake na limetawanyika kwa umbo la pepeo la mkononi. Limnophila sessiliflora inaizunguka shina kwa majani kadhaa kwenye kila kifundo, hivyo ukiitazama kwa juu unaona duara kamili. Myriophyllum nayo imezunguka, ila kila jani lina uti wa kati na nyuzi pande mbili, muundo wa unyoya wa ndege. Ceratophyllum demersum ni ngumu kidogo mkononi, nyuzi zake zimegawanyika mara moja au mbili kwa umbo la panda, na haina mizizi. Hiyo usiipande. Ukiichomeka mchangani, sehemu iliyozikwa inaoza na mmea unapanda juu. Iache ielee, au ifunge kwenye jiwe.

Kutenganisha Cabomba na Limnophila kuna faida ya moja kwa moja. Limnophila inavumilia mwanga wa kawaida. Cabomba, hasa ile yenye wekundu, inataka mwanga mkali, na isipoupata inaacha majani ya chini yadondoke hadi libaki shina tupu lenye kishungi juu. Ukizijua siku ya kwanza utajua ipi iwekwe katikati ya mwanga na ipi isogezwe pembeni.

Majani manene mawilimawili yaliyotazamana huwa ni Bacopa. Sugua jani moja: Bacopa caroliniana inatoa harufu kali yenye ndimu ndani yake, na shina lake lina vinyweleo. Bacopa monnieri haina harufu hiyo na majani yake ni madogo zaidi. Majani mawilimawili laini, yenye wekundu kwa chini, yanaweza kuwa Ludwigia au Rotala. Kwa siku ya kwanza hakuna sababu ya kuumiza kichwa, kwa kuwa zote mbili hupandwa sawa.

Mimea ya kitovu na mimea ya rizomu

Majani marefu ya utepe kwa kawaida huwa ya mmoja kati ya mimea miwili: Vallisneria na Sagittaria. Shika jani karibu na ncha, urudishe kidole polepole kuelekea chini. Ukihisi meno madogo yakikwaruza kingoni, ni Vallisneria. Kingo zikiwa laini na ncha imechongoka, yaelekea ni Sagittaria subulata. Tofauti hii ina thamani mbele ya safari, kwa sababu Vallisneria huumizwa na dawa za maji zenye glutaraldehidi, zile zinazouzwa kama kaboni ya maji. Mara nyingi mtu anaipanda vizuri, anamwaga dawa hiyo kupambana na mwani, kisha analaumu mchanga.

Cryptocoryne huwa na majani ya kijani hadi kahawia, mara nyingi yenye mawimbi kingoni, na mizizi meupe mingi kuliko ukubwa wa mmea. Echinodorus ina kitovu kikubwa na majani mapana. Zote mbili hula kwa mizizi, kwa hiyo mchanga mtupu hauzitoshi.

Fungu la rizomu ndilo linalopotezwa bure zaidi, nalo kwa kawaida ndilo lenye mimea ya bei katika kifurushi. Anubias ina majani magumu, rizomu ya kijani nene, na mizizi inayoshuka kutoka upande wa chini. Microsorum pteropus ina rizomu yenye magamba na mizizi ya kahawia iliyokaribia weusi. Ukiligeuza jani lake unaweza kuona vidoa vya kahawia vilivyopangika. Hivyo ni vibebeo vya chembe za uzazi, si ugonjwa wala mwani, na watu wengi hukata majani mazima kwa kudhani yameoza. Bucephalandra ni ndogo kuliko zote, majani yake yana nukta ndogo nyeupe na wakati mwingine mng'ao wa buluu. Zote tatu zina sharti moja: rizomu isizikwe. Ikifunikwa na changarawe inalainika, inanuka, na majani yanachomoka mzima mzima na vikonyo vyake.

Kabla ya kuifunga, bonyeza rizomu kwa ukucha mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ngumu kote, ni salama. Sehemu iliyo laini ikate kwa wembe mpaka ukutane na nyama ngumu yenye rangi ya kijani au nyeupe, na kipande kilichooza kitupe mbali, maana uozo wa Anubias hauishii palipoanzia.

Wasio wa majini

Hapa hatuna huruma na wauzaji. Kuweka kwenye kifurushi cha akwaria mmea ambao hauwezi kuishi chini ya maji ni kumwibia mnunuzi, na vifurushi vingi visivyo na majina vina angalau kifungu cha namna hiyo. Dracaena sanderiana, ile yenye pingili inayouzwa kama mwanzi wa bahati, ni ya nchi kavu. Spathiphyllum, Syngonium, Fittonia, Hemigraphis yenye zambarau chini ya jani, Ophiopogon japonicus yenye majani ya kijani kilichokolea yaliyosimama kama nyasi ngumu, na Selaginella inayofanana na jimbi dogo, zote ni vilevile. Zikizamishwa hazifi papo hapo. Zinakaa wiki kadhaa zikionekana nzima, hazitoi jani jipya, kisha zinaoza kuanzia chini na kuchafua maji kwa amonia.

Ugumu wa shina peke yake si ushahidi, kwa sababu tumeona kwamba hata mimea halisi ya majini huja imekulia hewani. Angalia dalili kwa pamoja: mistari meupe au ya krimu kwenye jani, nta inayoyakataa maji hata baada ya kuloweka saa nzima, shina lenye ugumu wa mti, na mizizi minene yenye vinundu. Ukiona mbili au tatu kwa mpigo, uwekee mmea huo shaka. Dracaena na Spathiphyllum zinaweza kutumika vizuri mizizi ikiwa ndani ya maji na majani yote yakiwa juu ya tangi, ambapo zinanyonya naitreti. Zilizobaki zipelekwe kwenye vyungu vya udongo.

Kuua mayai ya konokono na kuondoa dawa

Shabu ndiyo njia ya upole: kijiko kimoja kikubwa kwa lita 4 za maji, loweka siku 2 au 3, kisha suuza sana. Kwa mimea migumu kama Anubias, maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe hufanya kazi haraka na huua mwani pia: sehemu 1 ya klorini isiyo na manukato kwa sehemu 19 za maji, dakika 2 tu, halafu suuza na loweka kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Usiitumie kwa mosi (moss, ile mimea midogo laini kama zulia), Vallisneria, Egeria wala Cabomba, hizo zinababuka.

Wenye uduvi wana jambo jingine la kuangalia. Mimea mingine hunyunyiziwa dawa za wadudu shambani au kabla ya kusafirishwa, na kiasi kisichomdhuru samaki kinaweza kuua uduvi wote kwa usiku mmoja. Loweka mimea kwenye ndoo yenye mwanga kwa wiki nzima, ukibadilisha maji kila siku, ndipo uipeleke kwa uduvi.

Kupanda

Changarawe ya punje za milimita 1 hadi 3, kina cha sentimita 5 hadi 7, inashika karibu kila kitu. Iliyo kubwa zaidi haishiki shina jembamba. Maji yawe nusu ya tangi wakati wa kupanda. Tangi likijaa, mkono unasukuma maji na kung'oa ulivyokwisha kuvipanda. Kibano kirefu cha sentimita 25 au zaidi ni chombo cha lazima, si cha anasa.

Mimea ya shina hupandwa shina mojamoja, si kifungu. Ng'oa majani ya vifundo viwili vya chini, maana jani lililozikwa linaoza na kuozesha shina. Shika ncha ya chini kwa kibano, iingize kwa mlazo wa nyuzi 45 hadi sentimita 3 au 4, achia kibano taratibu, kisha kitoe kwa kukitikisa kidogo kuelekea pembeni. Ukikivuta juu moja kwa moja, shina linakifuata. Acha sentimita 2 au 3 kati ya shina na shina ili mwanga ufike chini. Mizizi itatoka kwenye vifundo vilivyozikwa, kwa hiyo shina lisilo na mzizi hata mmoja halina kasoro.

Mimea ya kitovu ipunguzwe mizizi ibaki sentimita 3 hadi 5. Mizizi mirefu inajikunja juu na kuuinua mmea. Izamishe hadi kitovu kipotee, halafu ivute juu polepole mpaka kitovu kionekane chote juu ya changarawe. Ule mvuto wa mwisho ndio unaoinyoosha mizizi ielekee chini. Kwa Cryptocoryne na Echinodorus weka kidonge cha mbolea chini ya changarawe karibu na mizizi, kimoja kila sentimita 10 hadi 15.

Rizomu ifunge kwenye gogo au jiwe kwa uzi, au tumia supa gluu ya jeli. Kausha jiwe na upande wa chini wa rizomu kwa kitambaa, weka tone dogo, bana nusu dakika. Gundi itageuka nyeupe ikiguswa na maji; weupe huo hauna madhara na utafunikwa na mizizi. Usipake gundi kwenye ncha ya rizomu inapochipukia majani.

Kifurushi kikiwa na kitunguu cha Aponogeton au Nymphaea, kiweke juu ya changarawe, nusu tu iwe imezama, upande wa mizizi chini. Kikielea siku za kwanza kiache, kitazama kikishalowa. Kikiwa laini na chenye harufu ya uozo, hakitachipua.

Wiki nne za kwanza

Washa taa saa 6 kwa siku katika wiki mbili za mwanzo, kisha ongeza hadi saa 8. Mmea unaobadilisha majani hauwezi kutumia mwanga mwingi, mwani unaweza. Joto la nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi linafaa kwa karibu mimea yote iliyotajwa hapa.

Cryptocoryne inaweza kuyeyuka majani yote ndani ya siku chache. Usiing'oe. Kata majani yaliyooza, acha mizizi, na kwa kawaida chipukizi zitatokea baada ya wiki kadhaa. Anayeing'oa na kuihamishia kona nyingine anaiyeyusha mara ya pili. Majani ya zamani ya mimea mingine yatakufa pia, na lazima yaondolewe kila siku mbili tatu, kwa kuwa yakiozea majini yanaongeza amonia.

Tazama majani mapya tu. Yakitoka mazuri huku ya zamani yakifa, mambo yanakwenda sawa. Majani mapya yakiwa meupe-manjano na mishipa ya kijani, chuma kinakosekana. Matundu madogo kwenye majani ya zamani yanayozungukwa na njano huashiria upungufu wa potasiamu, na umanjano unaoenea kwenye jani zima la zamani ni wa naitrojeni. Shina linalorefuka huku vifundo vikiachana sana linatafuta mwanga.

Majani ya majini yakishakomaa, karibu na wiki ya nne, ndipo kutafuta jina kamili kunapokuwa na maana. Jani hilo utalilinganisha na picha za mmea uliozama, na utapata jibu.

Kifungu, chungu au kikombe

Ukiweza kuchagua namna ya ufungashaji, kifungu cha risasi kinakupa mashina mengi zaidi na ndicho kibovu zaidi kwa afya ya mmea. Kinafaa kwa Egeria, Limnophila, Bacopa na zinazofanana nazo, zinazokatwa na kupandwa upya bila taabu. Usinunue Cryptocoryne wala Anubias iliyobanwa kwa risasi. Chungu ni bora kwa mimea ya kitovu, kwani mizizi ipo tayari, na chungu kimoja hugawanyika mara kwa mara kuwa mimea mitatu au zaidi.

Kikombe kilichofungwa chenye jeli ni bidhaa ya daraja jingine. Mimea imekuzwa maabara, haina konokono, mwani wala dawa za wadudu, na karibu kila mara ina jina. Kampuni ya Tropica ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1970, huandika pia kiwango cha ugumu wa kuutunza mmea, na hivyo ndivyo kila muuzaji angepaswa kufanya. Suuza jeli yote kwa maji ya vuguvugu, gawa mmea vishada 6 hadi 10, panda mara moja bila kuacha vikauke. Udhaifu wake ni udogo: samaki wanaochimbua changarawe watavitoa vyote kabla havijashika. Kwa tangi la uduvi, kikombe kinashinda kifurushi cha mchanganyiko bila ubishi. Kwa tangi kubwa jipya lenye samaki watulivu, kifurushi bado kinakupa majani mengi zaidi kwa pesa ileile.

Vipande ulivyokata, vilivyooza na vilivyo hai, vianike juani mpaka vikauke kabisa ndipo uvitupe na taka. Hydrilla iliingia Florida miaka ya 1950 kupitia biashara ya mimea ya akwaria, na kipande chenye kifundo kimoja kinaweza kuanza upya. Maji ya beseni nayo yamwage kwenye ardhi kavu, mbali na mtaro, maana mayai ya konokono na vipande vidogo vimo humo.